Msonobari wa Kumi na Tisa

Sajini Fredesvinda Cotrina alikuwa ameapa kwamba Jumapili ile hatamuuliza mtu yeyote swali lolote, hata la saa. Kitambulisho cha kazi alikiacha kwenye droo ya ofisi mjini Cajamarca, buti akazibadilisha kwa viatu vya kutembelea, na rafiki zake wawili akawapa amri moja tu.

"Leo mimi mtalii. Mkinisikia namuuliza mtu alikuwa wapi juzi, nipigeni kofi."

"Kofi hilo nimelitamani tangu darasa la pili," alisema Gilmer Terán, kinyozi, akajinyoosha vidole.

Rafiki wa pili, Olinda Yopla, alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache na macho mengi. Alisema tu, "Vinda hatamaliza saa moja."

Walifika Pariapata saa nne asubuhi. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, kwa hiyo msitu ulikuwa wao peke yao. Gilmer aliwatangulia, maana hapo palikuwa kwao kwa upande wa mama: mjomba wake, Don Leoncio Chilón, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa sungusungu, na Jumamosi inayofuata alikuwa anamwoza binti yake. Walialikwa kuja kula mapema, kabla ya vurugu za harusi. Lakini walipoingia chini ya misonobari, habari za chakula zikawatoka.

"Mama yangu," alinong'ona Olinda.

"Mbona unanong'ona?" alinong'ona Gilmer.

"Mbona na wewe?"

Hakuna aliyejua. Miti ilisimama mistari kwa mistari, imenyooka kama wanafunzi siku ya kwanza ya shule, na vigogo havikuwa na tawi hata moja mpaka juu kabisa, huko ambako upepo ulikuwa na mazungumzo yake usiyotaka kumshirikisha mtu. Chini hapakuwa na upepo. Miguu ilizama katika majani makavu membamba kama sindano, tabaka juu ya tabaka, miaka sitini ya majani, na hatua haikutoa sauti. Mwanga ulishuka vipande vipande. Kila ulipotua palikuwa na uyoga wa kahawia, unang'aa kama umepakwa siagi.

Vinda aliinua kichwa mpaka shingo ikalalamika. Alikuwa ameona mengi katika kazi yake, mengi ya kuinamiwa. Ilikuwa muda mrefu hajaona kitu cha kumfanya atazame juu.

"Hapa palikuwa upara," alisema Gilmer. "Nyasi na mawe. Babu na bibi zangu walipoanza kupanda, watu wa kijiji cha pili walikuja kuwacheka, tena walibeba na chakula kabisa, wacheke mchana kutwa. Kimo hiki! Hata viazi vilikuwa vinaota kwa kubembelezwa. Mche mmoja mmoja, walibeba mgongoni na watoto juu yake."

"Na wewe ungepewa mlima wenye upara ungefanya nini?" aliuliza Olinda.

"Ningeusugua ung'ae. Mimi kinyozi." Akacheka, kisha akapapasa kigogo kimoja kwa heshima iliyomshinda hata yeye. "Watu wa huku hawakati kitu bila kumuuliza mwezi, mnajua? Nywele, mti, hata nguruwe wa kuhasi. Mwezi ukiwa mchanga mjomba haniruhusu nimguse kichwa. Eti zitaota kama magugu. Nina wateja wa aina hiyo hata mjini. Wanakaa kwenye kiti changu, wanasoma gazeti, wanaondoka."

Walipanda taratibu hadi mstari wa kwanza kabisa, ule wa ukingoni mwa mlima, uliopandwa kabla ya mingine yote. Toka bondeni, mbali sana, ulisikika wimbo wa kanisani, kila neno lake.

"Simama hapo hapo!"

Mtu mfupi alitokea nyuma ya mti, kofia ya ukindu pana kuliko mabega yake, mjeledi umezungushwa begani. Alipomtambua Gilmer alishusha sauti, siyo uso.

"Kumbe kinyozi. Msikanyage. Huu ni ushahidi."

Alikuwa Don Práxedes, katibu wa sungusungu, na alichokilinda kilikuwa kisiki.

Katika safu ile ya majitu pengo lilionekana kama jino lililong'oka. Gilmer alihesabu kwa kidole, akasita. "Wa kumi na tisa! Lakini mstari wa kwanza haukatwi. Ni sheria."

"Ni sheria, na mtu wa pwani hana sheria. Elí Sernaqué. Lori lake lilisimama barabarani pale juu Alhamisi, alasiri nzima. Jana wachumaji uyoga wakafika hapa, mti hakuna."

"Elí? Elí wa Nélida, binti wa mjomba?"

"Aliyekuwa wa Nélida. Tumemfungia darasani. Saa nane baraza linakaa. Akitiwa hatiani atachapwa, na Pariapata hatatia mguu tena mpaka afe. Harusi hakuna." Práxedes alivuta pumzi. "Nimeshamwambia binti aache kushona."

Gilmer hakupata mzaha wa kusema. Nélida alikuwa amecheza naye tangu utotoni.

Kisha Vinda akasema, polepole, kama mtu anayefungua mlango asiostahili, "Mvua ya mawe ilinyesha lini?"

Kofi likatua begani mwake. "Dakika arobaini," alisema Gilmer. "Olinda, umeshinda. Haya, afande, endelea. Kwa ajili ya binamu yangu nakusamehe."

"Jumanne, saa tisa," alijibu Práxedes. "Iliua kuku wawili wa mchungaji wa kanisa. Wewe polisi? Huku polisi ni mgeni tu."

"Nalijua hilo. Nitainama tu, sitashika."

Aliinama. Kuzunguka kisiki unga wa mbao ulikuwa umetapakaa, na juu yake vilikuwa vimelala vishada vya majani mabichi, vilivyopigwa na mawe vikakatika. Pale ambapo vishada havikuufunika, unga ule ulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui.

"Don Práxedes, njoo uone na wewe. Mawe ya Jumanne yalitoboa unga huu. Kwa hiyo Jumanne saa tisa unga ulikuwa umeshamwagika. Lori la Alhamisi halikukata mti huu."

Katibu alichuchumaa. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga. Aligusa kishimo kimoja kwa kucha, kisha cha pili, kama anayehesabu ng'ombe wakapungua.

"Kabla ya jana wachumaji walipita lini?"

"Jumamosi ile nyingine. Kila Jumamosi wanapita. Na mti ulikuwepo. Nélida mwenyewe aliuegemezea kikapu chake."

"Basi ulikatwa baada ya Jumamosi hiyo na kabla ya Jumanne. Jumapili au Jumatatu, au Jumanne asubuhi." Alipitisha jicho juu ya kisiki. Michirizi ilikwenda moja kwa moja, ndefu, upande hadi upande. "Msumeno wa watu wawili, wa mkono."

"Injini tungeisikia," alisema Práxedes. "Huku mtu akipiga chafya mstari wa kwanza, mstari wa hamsini wanamwambia afya."

"Na msumeno wa mkono hamkuusikia?"

Práxedes aligeuka akatazama bondeni. Kutoka bondeni wimbo ulikuwa unapanda, soprano na besi, umejaza msitu mzima mpaka kwenye mizizi.

Vinda alisimama akatazama ulipokuwa umeangukia ule mti kabla ya kuondolewa. Uliangukia katikati kabisa ya mistari miwili, bila kuvunja tawi la jirani hata moja. Mita ishirini na tano za mti, zililazwa chini kama mtoto aliyesinzia. Alijikuta anamstahi mwizi yule, jambo ambalo halipendezi katika kazi yake.

*

Elí Sernaqué alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu. Alikuwa mtu wa Piura, kutoka kwenye jangwa la pwani, dereva aliyekuja kununua uyoga mkavu akabaki kununua kila kisingizio cha kurudi. Macho yalikuwa mekundu.

"Jumapili iliyopita ulikuwa wapi?" aliuliza Vinda.

"Catacaos, kwenye ubatizo wa mpwa wangu. Jumatatu nilikuwa naye bado, Jumanne nikapakia. Watu mia moja wameniona, na nusu yao nimewakanyaga nikicheza."

"Anaweza kuwa ametuma watu," alisema Práxedes akiwa mlangoni. "Watu wa pwani wana ndugu kila kichochoro."

"Anaweza," alikubali Vinda. "Tuseme wewe ndiye umetumwa kuiba mti hapa. Ungechagua siku gani?"

"Mimi?"

"Wewe, Don Práxedes. Ungekuja wakati gani ambapo hakuna wa kukuona?"

Práxedes alichukizwa na swali, lakini akili yake ilishaanza kulijibu. "Kanivali. Wiki nne zilizopita. Tulishuka wote mjini, siku tatu, na vinyago na rangi. Kijijini walibaki mbwa."

"Wachumaji wanasema mti ulikuwepo mpaka Jumamosi ile. Kwa hiyo mwizi aliiacha Kanivali ipite. Aliacha siku tatu za kijiji kitupu, akangoja karibu wiki tatu, akaja kukata mkiwa nyumbani nyote. Kwa nini?"

"Kwa sababu siku za Kanivali mwezi ulikuwa mchanga," alisema Práxedes, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwamba maji yana majimaji.

Kisha akasikia alichokisema.

Alivua kofia yake. Olinda, aliyekuwa dirishani, aligeuka taratibu. Gilmer alisema, "Lo," kwa sauti ndogo.

"Endelea," alisema Vinda.

"Mti ukikatwa mwezi ukiwa mchanga unajaa maji. Wadudu wanauingia. Boriti haifiki miaka kumi. Huku hakuna mtu... hakuna hata mmoja angethubutu..." Katibu alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Ungojewe mwezi upungue. Ndipo unakata."

"Na mwezi ulianza kupungua lini?"

"Jumatano, siku tatu kabla ya ile Jumamosi."

"Sasa niambie, mwizi wa kwenda kuuza, boriti ikiliwa na wadudu miaka kumi baadaye kwenye nyumba ya mtu asiyemjua, inamhusu nini? Huyu hakukata mti auze. Alikata ajengee. Tena ajengee mtu anayemtaka akae chini ya boriti hiyo mpaka uzee."

Práxedes alimnyooshea Elí mjeledi, rangi imemrudia usoni. "Basi ni yeye! Nyumba isiyo na paa hapa kijijini ni moja tu, na ni yake. Kuta zimekwisha, wamezifunika turubai. Ni yake na Nélida!"

"Afande," alisema Gilmer kwa unyonge, "mtu alikuwa amefungwa kamba moja. Sasa umemwongezea ya pili."

Vinda alivuta dawati, akakaa uso kwa uso na dereva.

"Elí. Boriti ya nyumba yako ungeikata lini?"

"Saa ngapi, unamaanisha?"

"Lini."

"Siku nitakayopata mafuta ya msumeno." Aliwatazama mmoja mmoja. "Ala! Kuna siku maalumu?"

Práxedes alimtazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, kama anavyotazamwa mtu mzima asiyejua kufunga kamba za viatu.

"Kwetu jangwani," Elí alijitetea, "mti ukiuona unaupigia saluti, huukati. Mara ya kwanza nilipofika huku nilizima lori nikakaa chini ya misonobari mpaka uyoga wangu ukaharibika. Halafu mniambie nimeuangusha ule wa mbele! Tena mimi boriti sitaki. Nilimwambia baba mkwe tumwage zege juu, yaishe. Tukagombana wiki nzima. Eti nyumba isiyo na boriti ya msonobari si nyumba, ni sanduku la viatu."

Akacheka kidogo kwa uchungu. Alicheka peke yake. Vinda alikuwa amemgeukia Gilmer, na Gilmer, ambaye hakuwahi kuukosa mzaha wa namna ile, alikuwa anatazama sakafu.

"Don Práxedes," alisema Vinda, "naomba haya tuliyosema hapa yakae hapa mpaka saa nane."

Katibu alivaa kofia yake. Hakuuliza kwa nini. Aliinamisha kichwa tu, akatoka mlangoni kama mtu aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa pomoni.

*

Doña Zoraida, mke wa Don Leoncio, aliwaandalia supu ya kijani yenye viazi na jibini, kisha simbilisi wa kukaanga na mahindi. Aliwapakulia kwa mkono wa kushoto, na supu ikamwagika mara mbili.

"Shangazi, umekuwa wa kushoto lini?" aliuliza Gilmer.

"Nimeungua na sufuria. Kula, wewe, umekonda kama wembe wako."

Olinda aliomba auone mkono. Doña Zoraida alikataa, akakataa tena, mwishowe akakifungua kitambaa kwa sababu muuguzi ni kama mchungaji, hakataliwi mara tatu. Olinda alitazama, akapaka dawa, akafunga upya bila neno. Aliporudi kukaa alimnong'oneza Vinda, macho yakiwa kwenye sahani: "Si moto. Ni malengelenge, manne, yamepangana chini ya vidole. Mpini."

Don Leoncio alikaa kwenye kiti cha mwisho wa meza, mtu mkubwa, kimya, chakula mbele yake hakijaguswa. Nélida alikuwa jikoni. Alijibu kila alichoulizwa bila kuinua uso: ndiyo, Jumamosi ile aliegemeza kikapu, ndiyo, mti ulikuwepo. Na Jumapili yake? Jumapili alikwenda kanisani, aliimba. Na wazazi? "Mama aliamka anaumwa kiuno. Baba akabaki naye." Aliinua uso hatimaye. "Afande, Elí hakufanya. Nikimwambia baba hivyo ananitazama tu, halafu anatoka nje. Hajawahi kunitazama vile."

Saa saba Vinda alimwomba mwenyekiti amsindikize msituni. "Nataka kuona mstari wa kwanza na mtu anayeujua," alisema. Gilmer alibaki. Alisema tumbo limejaa, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema uongo bila kutaka kumchekesha mtu.

Walipanda pamoja. Don Leoncio alitembea kama watembeavyo watu wa huko, bila haraka na bila kupumzika, na kila alipopita mkono wake uligusa kigogo, kimoja kimoja, hakuruka hata kimoja. Walipofika kwenye kisiki mkono ulibaki hewani.

"Miti iliyonyooka zaidi iko mstari wa tano," alisema Vinda. "Hata mimi wa mjini nimeiona. Kwa nini huu?"

"Unaniuliza kama mwenyekiti?"

"Nakuuliza kama mtu aliyebaki nyumbani Jumapili, watu wakiwa wanaimba."

Msitu ulikuwa kimya hivi kwamba walisikia koni moja ya msonobari ikianguka, ikigonga tawi, tena tawi, mpaka chini. Don Leoncio aliingoja ifike.

"Huu aliupanda mama," alisema. "Akiwa na mimi tumboni. Walimwambia akae chini, mwanamke mwenye mimba habebi miche. Akasema sisi wawili tutabeba. Nilitaka Nélida alale chini ya mkono wa bibi yake. Hilo tu."

"Ungeliomba baraza."

"Sheria ya kutokata mstari wa kwanza niliipeleka mimi. Niliiandika kwa mkono huu. Niliwanyima wajane wawili na mchungaji." Aliutazama mkono wenyewe. "Nilidhani wakiona kisiki watasema, basi, umekwenda. Jana usiku huohuo ningesema. Lakini Práxedes alikuwa ameshapiga filimbi, watu wameshamkamata kijana. Nikangoja waone hawana ushahidi. Wakapata lori. Nikangoja tena. Kila nikingoja, mlima unazidi urefu."

"Na mkauburuta lini?"

"Jumatatu alfajiri, kwenye ukungu, na maksai. Boriti iko zizini, chini ya majani ya ng'ombe." Aligeuka ghafla. "Zoraida hamo. Sema nilikata mwenyewe."

"Msumeno wa watu wawili, Don Leoncio?"

Don Leoncio aligeukia tena kisiki.

"Kijana yule anakuita baba," alisema Vinda. "Hajui hata mwezi unahusika nini na mti. Amekaa kwenye dawati la mtoto, na binti yako ameambiwa aache kushona. Mimi leo ni mtalii. Hapa ni msitu wenu na sheria ni yenu. Lakini utalii wangu unaisha saa nane na dakika moja."

Aliteremka akamwacha. Alipogeuka mara moja tu, alimwona mzee bado amesimama penye pengo, mrefu, mikono imening'inia, katika safu na miti mingine.

*

Baraza lilikaa chini ya misonobari ya bondeni, duara kubwa la kofia. Wanawake walisokota sufu huku wakisikiliza, pia zao za kusokotea zikizunguka mia moja kwa wakati mmoja. Katikati palikuwa na jiwe bapa la mshtakiwa, na juu yake Elí, peke yake. Nélida alisimama karibu naye kadiri alivyoruhusiwa, hatua sita, na hakuzipunguza wala kuziongeza.

Don Leoncio alifungua kikao kwa maneno yaleyale ya siku zote. Aliita majina. Aliuliza kama kuna asiyehudhuria. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya kiti cha mwenyekiti, akaingia duarani.

"Toka hapo, mwanangu," alimwambia Elí. "Hapo ni pangu."

Pia za wanawake zilisimama. Zote.

Aliposimama juu ya jiwe alisema yote, bila kupunguza: mti, Jumapili, wimbo, maksai, ukungu. Hakuutaja mwezi kwa sababu hapakuwa na haja. Walipiga hesabu wenyewe, na vichwa vikaanza kutikisika. Hakumtaja mkewe. Alipofika kwenye msumeno akasema tu, "nikakata."

"Na nani?" alipaza sauti mwanamke mmoja.

"Na mimi, nani mwingine?" Doña Zoraida alikuwa ameshaingia duarani, anakifungua kitambaa kwa meno. "Miaka thelathini na moja, chakula nimekula naye. Mtadhani msumeno ningemwachia?" Akapanda jiwe. Halikuwa jiwe la watu wawili, ilibidi washikane.

Vinda alisikia Gilmer akipenga kamasi pembeni yake. "Mafua," alisema Gilmer. "Kimo hiki, unajua."

Kazi ya kuongoza kikao ilimwangukia Práxedes, na sauti yake ya ukali haikumtii. Baraza lilibishana nusu saa, kwa zamu, hakuna aliyemkatiza mwenzake, hata wajane wawili walionyimwa, nao walikuwa na mengi. Uamuzi ulikuwa huu: Don Leoncio ametoka uenyekiti, na mume na mke watapanda miche mia mbili kwenye mteremko wenye upara wa upande wa kaskazini, waitunze mpaka kila mmoja upite kimo cha mtu. Wenye umri kama wao walijua hiyo ni miaka mingapi ya magoti.

Vinda alitazama nyuso zile, kisha akatazama juu, yalikoishia yale mashina. Mjini angeandika kurasa kumi na mbili, na watu wote wangetoka wakiwa wameshinda au wameshindwa.

"Lipo moja limebaki," alisema Práxedes. Kwa desturi yao, aliyeonewa ndiye husema la mwisho. "Elí Sernaqué. Tumekukosea, na mimi wa kwanza. Sema unachotaka."

Elí alisimama katikati ya duara, hajui mikono aiweke wapi. Alimtazama Nélida. Alimtazama mzee aliyekuwa ametazama chini.

"Boriti ina uzito gani?"

"Watu wanane," alisema mtu.

"Basi nataka ipande leo. Mimi nishike mbele. Yeye ashike nyuma. Sita katikati, anayetaka." Akasita, akamgeukia Práxedes kwa wasiwasi. "Kupandisha nako kuna siku yake?"

Kicheko kililipuka duara zima, kikagonga vigogo, kikarudi. Práxedes aliapa kwamba siku ni njema.

Don Leoncio peke yake hakucheka. Alishuka kwenye jiwe, akavua poncho yake, akaikunja mara mbili, akampa mkewe. Akakunja mikono ya shati. Alipiga hatua tatu kuelekea zizini, kama alivyozoea, mbele ya watu wote; kisha akasimama, akasogea pembeni mwa njia, akamngoja mkwe wake apite mbele.